Klorini au spiriti wodini?

Damu ikimwagika sakafuni, chukua klorini. Jiki ya 3.5%, kopo 1 kwa maji makopo 6, inakupa 0.5%. Ila futa damu kwanza, maana uchafu huipunguzia dawa nguvu. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea: tunamwaga jiki juu ya damu na kudhani kazi imekwisha. Klorini hula chuma pia, na harufu yake inawasha macho.

Spiriti ya 70% hukauka upesi na inafaa sana kwa stetoskopu, ile inayopita kifua hadi kifua bila kufutwa. Lakini hushika moto, na haiui spora, yaani umbo sugu lenye ganda gumu, za Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha. Akilazwa mgonjwa wa namna hiyo, kitanda chake nakisafisha kwa klorini tu, iliyochanganywa asubuhi hiyohiyo.