Windows 7 na Linux Mint, kila moja na diski yake: uzoefu wangu wa miezi saba

Chanzo cha yote ni mashine ya kukata stika. Niliinunua mkononi miaka mingi iliyopita, ya Kichina, kava limeshapauka, lakini inakata herufi za bajaji na daladala safi kabisa. Tatizo ni draiva yake. Ni ya biti 32, na CD iliyokuja nayo inaijua Windows XP na Windows 7 tu. Nimetafuta draiva mpya hadi nikakata tamaa. Ndiyo maana kompyuta yangu ya dukani, Dell OptiPlex 7010 ya mnara yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu na RAM ya GB 8, imebaki na Windows 7 hadi leo.

Sasa, stika peke yake hailipi pango. Nipo Morogoro, si mbali na Msamvu, na wateja wengi wanakuja kwa kazi za mtandaoni: maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, kuchapa tiketi. Windows 7 iliachwa bila masasisho ya usalama tangu Januari 2020, na Chrome ya mwisho kukubali kukaa humo ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Baada ya hapo kurasa zikaanza kunifungukia nusunusu. Kitufe unakiona, ukikibonyeza kimya. Mwanafunzi amekaa pembeni na vyeti kwenye bahasha, dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na wewe unahangaika na kitufe. Kuhamia Windows 11 haikuwezekana, maana inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo muda wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025, sikuona sababu ya kuhamia nyumba inayobomolewa.

Fundi wangu alikuja na wazo la haraka. "Dada, tunakata kipande cha GB 100 kwenye diski hiyohiyo, tunapiga Linux Mint humo, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, hutoi hata shilingi ya diski."

Nilikataa, na nashukuru nilikataa. Diski ile ya GB 500 ina umri wa kompyuta yenyewe. Siku ikianza kugonga itaondoka na mifumo yote miwili, nami nitabaki na mnara mtupu. VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, tulishaijaribu kabla: mashine ya stika ilionekana, ikakata nusu ya neno, ikasimama katikati ya vinyl. Labda kuna namna ya kuirekebisha, ila vinyl ninanunua kwa mita na mteja hasubiri majaribio. Nikanunua SSD, diski ya kisasa, ya GB 240 na kebo ya SATA ya kuiunganisha. Mint inaomba angalau GB 20, kwa hiyo nafasi ilikuwa ya kumwaga. Waya wa umeme tuliuchomoa kwenye DVD, ambayo sikumbuki mara ya mwisho nani aliweka CD humo, na SSD tukaibandika pembeni kwa gundi ya pande mbili. Haina kitu kinachozunguka ndani, hata ikilala ubavu haijali.

Kama utasoma aya moja tu ya maelezo haya, basi iwe hii. Kabla ya kupiga mfumo mpya, chomoa diski ya zamani. Usiridhike na kuwa makini unapochagua diski kwenye skrini. Zima mashine, fungua mnara, vuta kebo. Mfumo una sehemu mbili: yale mafaili yake, na kile kipande kidogo kinachouamsha kompyuta inapowaka. Mafaili yataenda kwenye diski uliyochagua, lakini kile kipande kinaweza kwenda kukaa kwenye diski ya kwanza. Mint hukuuliza pa kukiweka, ila jibu lililojazwa tayari ni diski ya kwanza, na mtu mwenye haraka hubonyeza mbele kwa mbele. Kisakinishi cha Windows hakiulizi. Ukija kuichomoa diski moja mwaka ujao, nyingine nayo haiwaki, na hapo ndipo watu husema "diski zote zimekufa" kumbe hiyo nyingine ni nzima, ila ilikuwa imebebwa mgongoni na mwenzake. Sisi tulichomoa, tukaweka Mint kwenye SSD ikiwa peke yake, kisha tukarudisha ya zamani. Hakuna diski inayoijua mwenzake. Nikiwasha napiga F12, menyu inatokea, nachagua.

Hilo lilienda vizuri. Lililofuata niliharibu mwenyewe. Kompyuta ina namna mbili za kuzungumza na diski, ATA ya zamani na AHCI mpya. Nilisoma mahali kwamba SSD inapenda AHCI, nikaingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaibadilisha kutoka ATA. Mint iliwaka kama kawaida. Windows 7 ikanionyesha skrini ya bluu na namba 0x0000007B, asubuhi ya Jumatatu, bodaboda wawili wamesimama mlangoni. Kumbe Windows 7 iliyosakinishwa chini ya ATA haiwashi draiva ya AHCI hadi uiamuru kabla ya kubadilisha. Nilirudisha ATA ikaamka, nami sijagusa tena. Tofauti ya kasi siioni kwa macho yangu.

Kisha saa. Siku ya pili naingia Windows 7 saa nne asubuhi, kona ya chini inaniambia ni saa moja. Saa tatu kamili zimeyeyuka. Mint huihifadhi saa ya kompyuta kwa wakati wa UTC, ule wa kimataifa, halafu inajiongezea zile tatu zetu za Afrika Mashariki. Windows inaisoma saa hiyohiyo ikidhani ndiyo ya hapa. Dawa ni mstari mmoja kwenye terminali ya Mint, lile dirisha la kuandika amri: timedatectl set-local-rtc 1. Kijana wangu wa dukani alikuwa ameshaamua betri ya saa ndani ya kompyuta imekufa, ameshakwenda kununua nyingine. Ipo kwenye droo.

Faida ambayo sikuitegemea ni flashi za wateja. Kila mwenye steshenari anaijua ile hali: folda zote zimegeuka njia ya mkato, mteja analia nyaraka zimepotea. Nikiichomeka flashi hiyo kwenye Mint, kirusi cha Windows hakina pa kushika. Folda zilizofichwa kwa alama ya Windows zinaonekana zenyewe, na kirusi chenyewe kimelala wazi kama faili jingine. Nafuta. Sasa sheria ya duka ni kwamba flashi ya mtu haiingii Windows 7 kabisa, na kadi ya mtandao huko nimeizima. Michoro ya stika naihifadhi kwenye diski ya zamani, kwa sababu Mint inasoma na kuandika NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, lakini Windows 7 haiioni ext4, mpangilio wa Mint, hata kidogo. Ila Windows izimwe kikamilifu. Ukiilaza kwa Hibernate, Mint itakuruhusu kusoma tu.

Yasiyonifurahisha yapo. Kubwa ni kuhama. Mint inawaka ndani ya nusu dakika, Windows 7 kwenye diski ile nzee inachukua dakika mbili na zaidi hadi itulie, na huwezi kukata stika huku unajaza fomu. Nimelazimika kupanga: stika zinakatwa asubuhi kabla ya saa tatu na jioni. Dereva wa bajaji akija mchana ananiuliza, "Dada, si mashine ipo hapo?" Ipo, lakini imo upande mwingine. La pili ni CV za Word. LibreOffice inazifungua, ila majedwali yanahama na ukurasa mmoja unakuwa mmoja na mistari miwili. Nawaomba wateja walete PDF, nusu yao hawanielewi. Printa ya HP LaserJet ilitambulika yenyewe, hapo sina neno.

Diski ya zamani nimeshaitolea nakala kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwenye diski nyingine ya GB 500, mwanzo hadi mwisho. Niliijaribu mara moja, ikawaka na mashine ya stika ikakata. Sasa imelala kwenye droo ndani ya soksi ya mtoto, jirani na ile betri.