Uzoefu wangu: miaka mitatu na SUV ya kifahari ya mtumba hapa Dar

Nililinunua Machi 2022, mkononi mwa mtu, Mbezi Beach, namba D, kwa shilingi milioni 38. SUV ya Kijerumani ya mwaka 2011, V6 ya petroli ya lita 3, kilomita 118,000. Kampuni siitaji, maana kwenye gereji ninayokwenda yapo mengine manne ya kampuni tofauti, ya Kijerumani na ya Kiingereza, na ugonjwa ni ule ule. Mwenye gari alinipa kadi na funguo mbili. Kumbukumbu za sevisi hakuwa nazo hata karatasi moja, nami sikulitilia maanani. Karibu kila nitakachosimulia hapa kilianzia kwenye karatasi hizo zisizokuwepo.

Mwezi wa tano nilitoka nje alfajiri nikakuta gari limelala upande wa kushoto mbele, tairi limezama ndani ya bodi. Nikawasha, likainuka kama ngamia, nyuma kwanza, kisha mbele, likakaa sawa. Nikaenda kazini. Nikaishi hivyo wiki sita, huku naisikia kompresa ya springi za hewa (pampu inayojaza hewa kwenye mifuko ya mpira inayobeba gari) ikinguruma hata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya Mwenge. Siku moja taa ya njano ya mfumo huo kwenye dashibodi ikageuka nyekundu na gari likagoma kuinuka kabisa.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine, ikasoma kosa la kompresa. Tukafunga nyingine kwa 850,000. Ilidumu miezi minne.

Fundi wa pili ni mzee aliyezoea magari haya. Mashine hakuigusa kwanza. Aliomba ndoo, sabuni ya unga na brashi ya kupakia rangi, akaliinua gari hadi mwisho, akapaka povu kwenye mikunjo ya mpira wa springi. Tukasubiri. Kwenye mkunjo wa chini, mahali ambapo jicho halioni ufa wowote, yakaanza kutoka mapovu madogo madogo kama ya mate ya mtoto mchanga. Akaniita nichungulie. "Kijana wangu, kompresa haina kosa. Ilikuwa inajaza ndoo iliyotoboka."

Ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Mpira unazeeka, hewa inavuja kidogo kidogo, kompresa inafanya kazi muda wote kufidia, inapata moto, ringi ya pistoni yake inaisha. Ukibadilisha kompresa ukaacha mpira, umenunua kifo cha kompresa ya pili. Springi mbili za mbele zilinigharimu 620,000 kila moja, kompresa nyingine 950,000, ufundi 200,000. Tangu hapo gari halijalala tena. Wapo waliotaka kunitolea hewa wanifungie springi za kawaida. Nilikataa, kwa sababu utulivu wa gari hili barabarani ndio nilioulipia. Na tafadhali, asikubali mtu kupigiwa jeki kabla ya kuzima mfumo wa hewa, na fundi asiingie chini gari likiwa limeshikiliwa na hewa peke yake.

La pili ni joto. Februari 2023, saa kumi na moja jioni, Barabara ya Morogoro, nakaribia Kimara, mshale wa joto ukapanda. Nilipaki, nikazima, nikasubiri saa nzima bila kugusa mfuniko, maana kulanti (maji ya kupoza injini) ya moto ina presha na inaunguza vibaya. Kilichopasuka ni makazi ya thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini. Ni ya plastiki, na plastiki ya miaka kumi na zaidi iliyopikwa kila siku kwenye foleni za Dar inavunjika kama biskuti. Niliimega kwa vidole. Kilichoniuma zaidi ni maji yaliyotoka kwenye rejeta: rangi ya chai, yenye chembe za kutu. Aliyekuwa nalo alikuwa anaongezea maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na chumvi inakula alumini na kuziba njia. Wota pampu, thamostati, tangi la kulanti, mipira na kusafisha mfumo, jumla 780,000. Sasa naweka kulanti nusu na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi) nusu, basi.

Gia boksi. Utaambiwa oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. Usikubali. ZF, wanaotengeneza gia boksi za magari mengi ya aina hii, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Yangu ilikuwa inashtuka ikirudi gia ya pili. Sampo lake (bakuli la oili chini yake) ni la plastiki na filta imo humo humo, kwa hiyo unabadilisha vyote: sampo 380,000, lita 9 za oili 378,000, ufundi 120,000. Mshtuko umekwisha.

Betri nayo nusura iniingize hasara kubwa. Dashibodi ilijaa taa: ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga ukipiga breki), breki ya mkono, usukani. Fundi umeme mmoja akanitajia kubadilisha kompyuta ya ABS. Yule mzee akapima betri tu, ikashuka chini ya volti 10 wakati wa kuwasha. Betri mpya 680,000, ikasajiliwa kwenye kompyuta ya gari, taa zote zikazima.

Bushi za mbele (mipira ya viungio vya tairi) zimeliwa na matuta, 560,000 pamoja na alaimenti, yaani kunyoosha tairi. Matairi manne ya inchi 19, 1,720,000. Spea nanunua Gerezani, Kariakoo, lakini kwanza nachukua namba ya spea kwa kutumia namba ya chesisi, maana magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na springi tofauti. Vitu vya mpira na plastiki sinunui mtumba hata nikibembelezwa.

Ukijumlisha kwenye daftari langu inafika shilingi 7,858,000, bila oili ya injini wala mafuta. Ningempa yule mzee 100,000 alipime kabla sijalipa, angeyaona mapovu yale na maji yale ya chai, nami ningeomba bei ishuke kwa gharama ya matengenezo hayo.

Silijutii gari. Mwezi wa nane nilimpeleka mama Dodoma, akalala njia nzima, na mgongo wake ulikuwa haujampa raha mwaka mzima. Kwa sasa naweka 250,000 kila mwezi pembeni kwa ajili ya gari. Jumamosi linaingia gereji: gasketi ya kava ya valvu inavujisha oili juu ya ekzosi, harufu naipata nikisimama kwenye taa. Mzee amenipa bei ya 340,000.