Uzoefu wangu: saa moja na ndama wa tembo yatima Nairobi, kwa anayetokea Mwanza

Huduma ninayoieleza hapa ni ziara ya saa tano hadi saa sita mchana katika kituo cha kulelea tembo yatima cha Sheldrick Wildlife Trust, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Nimeingia mara mbili kama mgeni wa kawaida, na ndama mmoja namfadhili kupitia mtandao. Naandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu, kuanzia Mwanza na Magu hadi Bunda na Tarime, kwa sababu maelezo mengi yaliyopo yanamlenga mtalii aliyelala hotelini Nairobi. Anayepanda basi Nyamhongolo ana hesabu nyingine. Naipa nyota tano, na zote tano nazitoa kwa maziwa na kwa walezi, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Safari kwanza, kwa haraka. Kutoka Mwanza hadi Nairobi ni karibu kilomita 700 kwa njia ya Lamadi, Bunda, Tarime na Sirari, kisha Migori, Kisii na Narok. Foleni ya mpakani hubadilika siku hadi siku, na kuingia Nairobi asubuhi ni foleni nyingine ya magari. Usiweke nafasi ya ziara siku ileile basi linapofika. Fika, lala, nenda kesho yake. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nafasi ya ziara lazima uiweke mapema kupitia tovuti yao. Julai, Agosti na Desemba hujaa upesi, na tarehe 25 Desemba hawapokei wageni. Bei iangalie siku unapoweka nafasi, maana imewahi kupanda. Matatu za Rongai hupita Magadi Road karibu na geti, lakini ukiwa na watoto chukua teksi. Uwe getini saa nne na nusu. Saa tano ikigonga ndama wanatoka, na hawamsubiri aliyekwama kwenye foleni ya Lang'ata.

Ukifika utaona uwanja wa udongo uliozungushiwa kamba, dimbwi la tope, na matawi mabichi yaliyotupwa chini. Hakuna viti. Sogea kwenye kamba mapema, maana wanafunzi wa shule huja wengi na wanastahili kusimama mbele, nawe ukichelewa utaona migongo. Usivae nguo nyeupe. Ndama akitoka kwenye tope hujikuna popote, na kamba haizuii matone.

Ndama hawaletwi wote pamoja. Kundi la wadogo hutangulia, likimaliza hurudi msituni na walezi wake, ndipo linakuja la wakubwa kidogo. Wanakuja mbio, masikio wazi, kila mmoja anamfahamu mtu mwenye chupa. Hapo wengi huinua simu na kuanza kupiga picha. Mimi nashauri dakika tano za mwanzo simu ikae mfukoni, macho yakae kwenye chupa, kwa sababu unyonyaji wenyewe huisha upesi mno.

Tazama mkonga. Ndama mdogo hanywi kwa mkonga, ananyonya kwa mdomo, na mkonga unamzuia njia. Porini matiti ya mama yapo katikati ya miguu ya mbele, kwa hiyo mtoto huinua mkonga, akaulaza kwenye tumbo la mama, ndipo mdomo unafika. Pale kituoni anaufanyia hivyohivyo mwili wa mlezi: unaona ncha ya mkonga ikipapasa bega, ikishika kola ya koti, ikitulia kwapani, na palepale koo linaanza kwenda. Asipopata pa kuuegemeza, wengine hawanyonyi kabisa. Ndiyo maana kwa wachanga hutundikwa blanketi kama ukuta: ndama anabana mkonga kwenye blanketi, anahisi ni tumbo la mama, na mlezi anaingiza chuchu ya chupa kutoka upande wa pili. Blanketi la kawaida tu, lakini bila hilo mtoto wa zaidi ya kilo 100 anaweza kufa njaa maziwa yakiwa mbele yake.

Tazama pia mkono wa mlezi. Chupa inainuliwa kiasi kwamba chuchu imejaa maziwa muda wote, kwa sababu hewa ikiingia tumbo linajaa gesi. Hailazimishwi. Maziwa yakienda kasi kuliko anavyomeza, yanaingia kwenye njia ya hewa, na hapo unazungumzia nimonia. Waliozidi umri utawaona wakishika chupa wenyewe kwa mkonga na kuimimina hadi tone la mwisho.

Sasa maziwa yenyewe. Mimba ya tembo ni miezi 22, na mtoto anayezaliwa, pamoja na ukubwa wake, hawezi kuishi bila maziwa akiwa chini ya miaka 2. Majani anaanza kuyachezea na kuyatafuna mapema, ila hayamjengi. Maziwa ya ng'ombe hayamfai: mafuta yake tumbo lake haliyawezi, anaharisha, anaishiwa maji mwilini, na ndama mchanga aliyefika hapo hana siku nyingi. Mfugaji wa Usukuma aliyewahi kulea ndama aliyefiwa na mama anaijua shida hii kwa sura nyingine, kwani hata ndama wa ng'ombe ukimzidishia maziwa, au leo ukampa ya vuguvugu na kesho ya baridi, kinyesi kinabadilika rangi kabla jua halijazama. Kwa tembo nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha taasisi hii mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, alihangaika miaka mingi Tsavo, hifadhi ya taifa ya Kenya, na watoto wa tembo waliokuwa wakifia mikononi mwake, hadi alipogundua kwamba maziwa ya unga ya watoto wachanga wa binadamu yakichanganywa na mafuta ya nazi yanakaa tumboni. Nazi! Kitu ambacho mama yeyote wa pwani anacho jikoni.

Ndama hunyonyeshwa kila baada ya saa 3, usiku na mchana, yaani mara 8 kwa siku. Kabla ya chupa unayoiona saa tano kuna za alfajiri na za usiku wa manane, na kila moja imepimwa na kupashwa moto na mtu aliyeamka kwa ajili hiyo. Aliyekosa dang'a ya mama ndiye mgumu kuliko wote kumwokoa, maana kinga ya mwili hana. Akianza kuota meno hupata homa na kuhara, na hali inaweza kubadilika kwa saa chache, hata kwa ndama aliyekuwa akicheza asubuhi.

Jambo jingine la kuuliza ni usiku. Mlezi hulala bandani na ndama, kitanda kikiwa juu kidogo, na blanketi likianguka mgongoni mwa mtoto anashuka kulirudisha. Ndama mchanga hawezi kujirekebishia joto; porini anasimama chini ya tumbo la mama, kivuli mchana na ukuta wa joto usiku. Nairobi ya Juni na Julai ni baridi kwelikweli kwa mtu wa ziwani, na ndiyo miezi utakayowaona wakitembea na blanketi asubuhi. Kwenye jua kali, masikio ya wachanga, ambayo nyuma bado ni ya waridi, hupakwa mafuta ya kuzuia jua. Tope hufanya kazi hiyohiyo kwa waliokua: linapoza ngozi, linazuia jua na wadudu.

Walezi hubadilishana mabanda. Leo huyu analala na ndama huyu, kesho mwingine. Sababu yake inauma. Daphne aliwahi kulea ndama aitwaye Aisha, aliyemzoea yeye peke yake. Daphne aliposafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha aligoma kula, akafa. Tangu hapo ndama hulelewa na watu wengi, ili mmoja akiugua au akienda likizo mtoto asione kwamba amefiwa mara ya pili. Ukiona mlezi anamwachia mwenzake ndama bila kugeuka nyuma, usidhani hajali. Ni mafunzo hayo, na naamini ndiyo magumu kuliko kuamka usiku.

Maelezo kwenye spika hutolewa kwa Kiingereza: jina la kila ndama, umri, alikookolewa na kwa nini. Kama Kiingereza hakikai vizuri, wafuate walezi kwa upole kandokando ya kamba na uulize kwa Kiswahili. Wao watasema ndovu, sisi tunasema tembo, mtaelewana. Maswali yanayozaa majibu mazuri ni haya ya kazi: huyu ameshaacha blanketi? Nani anamwongoza nani kwenye kundi? Yupi anaiba chupa ya mwenzake? Utajua pia nani anakaribia kuhamishiwa Tsavo. Wakikomaa kidogo hupelekwa kwenye vituo vya huko, Ithumba au Voi, na wale wenye majeraha wanaohitaji mazingira mepesi hupelekwa msitu wa Kibwezi, na huko hujiunga na tembo wa porini polepole, kwa miaka. Wapo majike waliopita pale wakiwa kwenye chupa na leo wana watoto wao porini.

Saa moja ni fupi, nawe utatamani ziwe tatu. Lakini ndama anayezoea umati atakuwa tembo anayetembelea vijiji, na huo ni msiba kwake na kwa wenye vijiji. Fupi ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ufadhili wa mtandaoni unaanzia dola 50 za Marekani kwa mwaka. Unachagua ndama kwenye tovuti, unalipa kwa kadi, kisha kila mwezi unapata taarifa kwa barua pepe. Nakushauri usiishie kwenye picha. Soma kumbukumbu za walezi, zinazoandikwa siku kwa siku; humo ndimo utakapojua nani kaanza kulala bila mlezi na nani kagoma chupa ya asubuhi. Kwa familia yenye watoto wa shule, kufadhili pamoja ni bora kuliko kila mtu peke yake.

Mwisho, la huku kwetu. Tembo wa Serengeti huingia mashambani Bunda na Busega, na mwenye pamba au mahindi yaliyolala chini ana haki ya kukasirika. Ikitokea ndama kabaki mtaroni au kisimani, usikimbilie kumvuta nyumbani, kwani mama anaweza kuwa vichakani, na atarudi. Watoe watu na mbwa, mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji na askari wa wanyamapori, au nenda lango la Serengeti la Ndabaka kama ndilo lililo karibu. Akiwa juani, mjengee kivuli kwa matawi, na kama anafikika salama mwagie maji mgongoni na masikioni, kamwe si kwenye mkonga. Maziwa ya ng'ombe usimpe, hata akilia. Anayejua kuchanganya yake atafika.