Kutoka Kisumu hadi Bahari ya Shamu: safari ya wazamiaji wazoefu

Chini ya maji, kifurushi hiki cha safari kina thamani ya pesa zake. Meli ya Rosalie Moller, iliyozama 1941, imelala kwenye kina cha mita 50 hivi. Mitungi pacha ya lita 12 ipo. Mitungi mingine, yenye gesi ya oksijeni asilimia 50, ivutwe kuanzia mita 21 kupanda juu. Kwenye kina kirefu kuliko hapo, gesi hiyo huweza kuleta degedege. Pima oksijeni ya kila mtungi mwenyewe, kisha uandike kina chake cha mwisho kwa herufi kubwa ubavuni.

Tatizo ni kurudi: ndege huondoka muda wa saa 12 tu baada ya mbizi ya mwisho. Aliyepanda kwa vituo, yaani kwa kusimama njiani ili naitrojeni itoke mwilini, angoje angalau saa 24, kwani hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400, na viputo vya naitrojeni huvimba mwilini. Dai siku ya ziada kabla hujalipa.