Misimu mitatu na upinde wa Grizzly: kwa nini kompaundi yangu imebaki kabatini

Nimewinda kulungu hapa Michigan, Marekani, kwa misimu saba. Minne ya kwanza nilitumia kompaundi, mitatu iliyofuata nimetumia rikavu (upinde wa jadi) ya zamani, Bear Grizzly ya inchi 58, niliyoinunua kwa dola 180 kwa mzee mmoja aliyekuwa anapunguza vitu gereji kwake. Nikiwa na kompaundi nilipata kulungu kila msimu. Nikiwa na Grizzly nimepata mmoja tu. Hata hivyo sirudi nilikotoka, na kwa kuwa Waswahili wenzangu wa huku wananiuliza kila mara nimepatwa na nini, naeleza hapa kwa urefu.

Kwanza tuelewane juu ya vyombo vyenyewe. Kompaundi ni upinde wenye makapi, yaani magurudumu ya kupitishia kamba, kwenye ncha zake mbili na kamba zinazopishana katikati. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen wa Missouri, na hataza yake ilitoka mwaka 1969. Siri yote iko kwenye umbo la yale makapi: unapoanza kuvuta unakutana na uzito kamili, lakini ukikaribia mwisho uzito unaporomoka. Yangu ni ya ratili 60, ila nikishaivuta hadi mwisho mkono unabeba kama ratili 12 tu. Ninaweza kukaa hivyo nikimngoja kulungu atoke nyuma ya mti. Juu yake kuna pini za kulengea, moja ya yadi 20, nyingine ya 30, nyingine ya 40. Kuna tundu la kuchungulia kwenye uzi, kifyatulio kinachofungwa kifundoni mwa mkono, na mfukoni kipima umbali cha leza. Ni chombo kizuri sana. Sitamsema vibaya mtu anayekitumia, na mgeni wa uwindaji mwenye kazi mbili na watoto wadogo nitamshauri aanzie hapo hapo.

Grizzly haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni tabaka za mbao na faibaglasi zilizogandishwa pamoja, ncha zake zimepinda kwenda mbele, halafu uzi. Wapo watakaosema kwamba penye faibaglasi hapana ujadi. Ninawaelewa, lakini kwangu mpaka uko kwenye makapi na pini. Upinde huu umeandikwa ratili 45 kwa mvuto wa inchi 28. Mimi navuta 27, kwa hiyo napata kama 42 hivi, na hizo nazibeba zote mpaka sekunde ninayoachia. Hakuna pa kupumzikia. Ukichelewa, bega linatetemeka na mshale unajiendea.

Hapa niseme kosa ambalo ningependa mwingine asilirudie. Rikavu yangu ya kwanza haikuwa hii. Muuzaji wa duka moja aliniona nina mwili, akaniuliza kompaundi yangu ni ya ratili ngapi, nikamwambia 60, akanipa rikavu ya 55. Alinihakikishia kwamba nimeshapunguza. Hakuniambia kwamba sijawahi kuzibeba zile 60 kwa zaidi ya sekunde moja. Kwa miezi miwili nilivuta kwa kukunja shingo na kuachia kabla mkono haujafika shavuni, mpaka bega la kulia likauma kiasi cha kushindwa kulala upande huo. Niliuza upinde ule kwa hasara. Anayeanza achukue ratili 30 hadi 35 za mazoezi, ajifunze kuvuta kwa misuli ya mgongo, ndipo apande taratibu. Ratili 40 au 45 zikiwa na mshale mzito na kigumba (ncha ya chuma ya mshale) chenye makali zinamtosha kulungu wa mkia mweupe.

Sasa kuhusu kulenga. Kwa kompaundi nilikuwa naitoa kabatini katikati ya Agosti, nasawazisha pini kwa wiki mbili, basi, niko tayari kwa tarehe 1 Oktoba msimu unapofunguliwa. Kwa Grizzly hilo haliwezekani. Hakuna pini ya kusawazisha, kinachosawazishwa ni mimi. Kila jioni nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, natupa mishale kama thelathini. Majira ya baridi nashuka ghorofa ya chini ya nyumba, yadi kumi tu, nikiangalia mambo matatu: kidole cha kati kifike pembeni mwa mdomo, mkono wa upinde usishuke, vidole vilegee badala ya kuruka. Jicho linatazama mahali pamoja padogo na mwili unajifunza kulifuata. Ilinichukua kama miezi minane kabla sijaanza kuiamini mishale yangu.

Mishale nayo ina maneno yake. Upinde huu hauna kijukwaa cha kuwekea mshale pembeni, mshale unalala moja kwa moja kwenye ukingo wa juu wa mshiko, kwa hiyo lazima uwe na manyoya halisi. Mbawa za plastiki zinagonga mbao na mshale unayumba. Mimi natumia manyoya ya bata mzinga. Halafu kuna ugumu wa wano, yaani mti wa mshale. Mshale ukiachiwa unajipinda kama nyoka kuuzunguka mshiko kabla haujanyooka, na kwa mpigaji wa mkono wa kulia, wano gumu kupita kiasi linakwenda kushoto, laini kupita kiasi linakwenda kulia. Wiki tatu nilidhani nina kasoro ya mkono, kumbe mishale yenyewe ilikuwa migumu mno. Nilipoongeza uzito wa kigumba ikanyooka.

Na hapo ndipo nilipokumbuka nyumbani. Nimekulia Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi huko Tanzania, baba yangu akilima vitunguu. Wahadzabe, jamii ya wawindaji, walikuwa wakipita karibu na mashamba yetu, na nikiwa mtoto nilimwona mzee wao akiupasha moto mti wa mshale, akiuweka kati ya meno, akiukunja kidogo, akifumba jicho moja na kuutazama, akaurudisha motoni. Nilidhani anacheza. Miaka thelathini baadaye, nikiwa ghorofa ya chini ya nyumba yangu Michigan na mizani ya gramu mkononi, ndipo nilipoelewa kwamba yule mzee alikuwa anafanya kazi ile ile, tena bila mizani. Watoto wao wanashika pinde wakiwa wadogo kabisa. Mimi nilianza na miaka thelathini na minane.

Tofauti yetu kubwa ni sumu. Mshale wa Mhadzabe kwa mnyama mkubwa umepakwa sumu, na sumu ndiyo inayomaliza kazi. Wangu hauna kitu, unaua kwa kukata na kutoa damu peke yake. Sheria ya Michigan inataka kigumba kisichopungua inchi 7/8 kwa upana, na mimi nakinoa mpaka kinyoe nywele za mkono. Kisipopita kwenye mapafu au moyo, mnyama atateseka, na hilo liko juu yangu.

Ndiyo maana lazima nizungumzie umbali, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Mshale wangu wa Grizzly unakwenda kama futi 165 kwa sekunde, wa kompaundi ulikwenda 280. Tuseme nimekadiria kulungu yuko yadi 20, kumbe yuko 25. Kwa kompaundi mshale utashuka chini ya inchi tatu kutoka pale nilipotaka, na bado nimo ndani ya mapafu. Kwa Grizzly utashuka kama inchi nane. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu halizidi sana upana wa sahani. Kosa la hatua tano tu linaweza kuwa mnyama aliyevunjika mguu na kupotelea kwenye kinamasi. Tena sauti ya uzi inamfikia kabla ya mshale, naye hushuka kwa magoti ili aruke. Kwa hiyo nimejiwekea mpaka: yadi 18. Zaidi ya hapo upinde hauinuki, hata awe na mapembe ya namna gani.

Mpaka huo umebadilisha uwindaji wangu wote. Zamani nilichagua mti wenye uwazi mkubwa mbele yake, nikapanda kwenye dungu na kungoja chochote kitakachopita ndani ya yadi 40. Sasa inanibidi nijue kulungu atakanyaga wapi hasa. Nimejifunza ni mwaloni upi unaodondosha matunda mapema na upi unachelewa. Nimejua upepo unavyoshuka bondeni jua likizama, na kwamba majike hupita upande wa juu wa mlima mdogo ule asubuhi na upande wa chini jioni. Misimu minne niliwinda kwenye msitu huo huo wa umma bila kuyajua haya, kwa sababu chombo changu hakikunidai niyajue. Ukiniuliza kwa nini baadhi yetu tunaacha kompaundi, jibu langu ni hili, na nimeona wawindaji wenzangu wa hapa wakilisema kwa maneno yao wenyewe: upinde wa jadi unakulazimisha usogee karibu, na karibu ndiko mambo yote yalipo.

Msimu wa kwanza nilitoka mikono mitupu. Dume mmoja mkubwa alisimama yadi 28 akanipa ubavu kwa muda mrefu, akala, akajilamba, akaondoka. Mkono wangu ulibaki kwenye paja. Nilitetemeka baadaye kuliko ambavyo nimewahi kutetemeka baada ya kuua.

Msimu wa pili, wiki ya kwanza ya Novemba, jike alikuja juu ya majani makavu mpaka hatua kumi na tatu kutoka kwangu. Niliona pumzi yake. Alipopitisha kichwa nyuma ya shina la mti nikavuta, nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikaachia. Sikumbuki kulenga. Nakumbuka kishungi cha unywele nyuma ya bega lake na manyoya meupe ya mshale yakitokea pale pale. Alikimbia kama yadi sitini, nikasikia akianguka. Nilikaa nusu saa kamili kabla ya kushuka.

Rafiki yangu wa Mombasa aliniuliza kama nyama hiyo ni halali, na ni swali la haki. Jibu liko kwenye hadithi ya Mtume iliyopokewa na Adi bin Hatim: kilichochomwa kwa makali baada ya kutajwa jina la Mwenyezi Mungu huliwa, kilichopigwa kwa ubapa kikafa hakiliwi. Tulipika pilau kwa nyama hiyo, rafiki yangu akala sahani mbili.

Upande wa matunzo, hapa Grizzly inashinda wazi. Uzito wake ni kama kilo moja. Kompaundi yangu na vikorokoro vyake inakaribia tatu. Uzi wa kompaundi ukikatika porini siku imekwisha, maana unahitaji mashine ya kuubana upinde ili uubadilishe. Mimi natembea na uzi wa akiba mfukoni na kamba ya kusaidia kutia uzi, dakika mbili nimemaliza. Angalizo kwa atakayenunua upinde wa zamani kama wangu: tumia uzi wa Dakroni. Nyuzi za kisasa hazinyumbuki na zinaweza kupasua ncha ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizo. Kabla ya kulipa, pitisha kidole taratibu mbele na nyuma ukitafuta nyufa, tia uzi, kisha utazame kutoka nchani kama pande zote mbili zimenyooka. Usiuvute na kuuachia kamwe bila mshale. Pia, mwenye mikono mirefu atafute upinde wa inchi 62 au zaidi, kwani pinde fupi humbana vidole kwenye uzi.

Jambo moja zaidi linanifanya niupende huu hasa. Fred Bear, ambaye jina lake liko kwenye Bear Grizzly, alikuwa na kiwanda Grayling, hapa Michigan, mwendo wa saa moja kutoka ninapowinda. Aliyemtia hamu ya upinde ni mwindaji Art Young. Young aliwinda pamoja na daktari Saxton Pope, na Pope alifundishwa na Ishi, mtu wa Wayahi, wenyeji wa asili wa Amerika, aliyejitokeza peke yake California mwaka 1911, watu wake wakiwa wamekwisha. Mwaka 1925 Pope na Young walisafiri mpaka Tanganyika kuwinda simba kwa pinde. Nilipolisikia hilo nilikaa kimya. Walivuka bahari na pinde zao wakaingia nchi ambayo wazee kama yule wa Mang'ola walikuwa wanapasha moto mishale yao kila siku.

Kompaundi sijaiuza. Binti yangu ana miaka kumi na sita na ameomba aijaribu Oktoba ijayo. Lakini juzi nilimkuta ghorofa ya chini ameishika Grizzly bila uzi, anaitazama kutoka nchani kama imenyooka.