Seti ya kuvunia maji ya mvua, tangi la lita 5,000: nyota 3 kati ya 5

Nimeitumia Dar es Salaam, masika na vuli, kwenye paa la mabati la mita 60 za mraba (pima chini, usifuate mwinuko wa bati). Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,200. Toa yanayorukia nje, tangini yanaingia kama 1,000.

Tangi lenyewe sina ugomvi nalo. Ni jeusi, mwani hauoti, na koki iko sentimita 10 juu ya kitako, kwa hiyo tope haliingii ndooni. Likijaa ni tani 5 za maji, usilipachike juu ya matofali ya kupanga. Mwaga jamvi la zege.

Kasoro iko kwenye bomba la kunasa maji ya kwanza, yale yenye vumbi na mavi ya kunguru. Wameleta la inchi 4, urefu mita 1: lita 8 tu! Paa hili linataka lita 30, yaani nusu milimita ya mvua. Nimeweka la inchi 6, mita 1.7. Bomba likijaa, mpira unaoelea ndani unaziba mdomo, ndipo maji safi yanapita kwenda tangini. Chini kuna kitundu cha milimita 2 cha kulikausha taratibu, na hapo ndipo pa kuchunga. Kipande cha jani kikinasa, bomba linabaki limejaa, na mvua inayofuata inapeleka uchafu wote tangini. Kizibo cha chini kiwe cha kufungua kwa mkono. Fundi akikipaka gundi, kwisha habari. Mimi nakifungua kila baada ya mvua kubwa.

Vishikizo vya gata vilitosha kimoja kila mita, gata likabonyea katikati na kufuga mbu. Funga kila sentimita 60, mteremko sentimita 1 kwa mita. Halafu bomba la kumwaga ziada ni inchi 1 na nusu, la kuingiza ni inchi 4: mvua ikichachamaa maji yanafumuka kwenye kifuniko. Toboa upya, weka inchi 4, na wavu wa mbu mdomoni.

Kwa kufulia, povu linatoka upesi kuliko maji ya kisima chetu cha chumvi. Ya kunywa, chemsha.