Uzoefu wangu na programu ya kuchora njia: safari ya baiskeli ya kikundi, siku tano

Kwa kuchora njia naipa nyota tano. Kwa kukadiria muda, mbili. Naongelea programu ya kupanga njia za baiskeli inayofunguka kwenye kompyuta na kwenye simu, toleo la kulipia. Naitumia kwa kazi ya aina moja tu: vikundi vya watu sita hadi kumi, siku tatu hadi saba, mizigo juu ya baiskeli, barabara za mashambani. Jina naliacha, maana kasoro nyingi nitakazoeleza si za kampuni moja. Nyingi ya programu za aina hii zimekaa juu ya ramani ileile, OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004 na inayojazwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo zinarithi uzuri wake na mapengo yake.

Kuchora kwenyewe ni raha. Unabonyeza mwanzo, unabonyeza mwisho, unachagua aina ya baiskeli, mstari unajichora, kisha unaukamata na kuuvuta upite kando ya mto badala ya barabara kuu. Ila usianze na mstari. Anza na vitanda. Mashambani barabara ni nyingi kuliko mahali pa kulaza watu kumi, na vitanda ndivyo vinavyoamua siku itakuwa na kilomita ngapi. Mimi huweka kwanza alama za malazi, halafu za maji, halafu za chakula, ndipo nichore. Siku zikitoka bila kulingana, tuseme kilomita 45, 78, 70, 35 na 66, sioni tatizo. Ya kwanza iwe fupi kwa makusudi: asubuhi hiyo ndipo begi la mtu linapogundulika kuwa linagusa tairi, kiti cha mwingine kinashuka kila anapokikalia, na msafara unaondoka umechelewa saa nzima. Ya nne naifanya nusu siku. Kufikia hapo makalio na magoti yameshalalamika vya kutosha, cheni zinahitaji kufutwa na kutiwa mafuta, na nguo zinahitaji jua.

Kuna kitufe cha kuonyesha njia zinazopitiwa sana na waendesha baiskeli, zikiwaka rangi kali juu ya ramani. Kitumie kwa tahadhari. Rangi inakuambia watu wanapita, haikuambii kwa nini. Barabara inaweza kuwaka kwa sababu daraja pekee la kuvuka mto liko pale, au kwa sababu watu wa mazoezi huipita alfajiri kabla malori hayajaamka. Kikundi chako chenye mizigo kitafika hapo saa tano mchana, malori yakiwa yamejaa.

Sasa muda, ambao ndio unaoharibu safari nyingi. Chukua siku ya kilomita 70 yenye mita 900 za kupanda. Programu itakupa saa nne au pungufu kidogo, na haidanganyi: ni saa nne za mtu mmoja ambaye hasimami, hana begi, na hapigi picha. Kikundi hakiendi hivyo. Hesabu yangu ni hii: kilomita ninazigawa kwa 20, mita za kupanda ninazigawa kwa 600, najumlisha. Hapo ni saa tatu na nusu, ongeza saa moja na nusu, jumla saa tano za kukanyaga pedali. Kila saa ya kukanyaga naiongezea dakika 12 za kusimama, kwa sababu watu wanane hawawezi kusimama dakika mbili. Wa mwisho akifika, wa kwanza ameshapoa na anataka kuvaa koti. Ongeza saa moja ya chakula cha mchana na dakika 20 za pancha. Siku ya “saa nne” imekuwa saa 7 na dakika 20. Mkiondoka saa 2:00 asubuhi mnafika saa 9:20 alasiri, bila mvua wala upepo wa usoni.

Dakika hizo za pancha sijaziweka kwa woga. Tuseme tairi nzuri inampa mtu pancha moja kwa kila kilomita 1,000. Akiwa peke yake, siku tano zinaweza kupita bila pampu kutoka begini. Watu kumi wakienda kilomita 300 kila mmoja, baiskeli zenu kwa pamoja zimekwenda kilomita 3,000, yaani pancha tatu, na kila moja inawasimamisha wote.

Mchoro wa vilima ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwa macho, na ndiyo ninayoiamini nusu nusu. Sehemu kubwa ya vipimo vya mwinuko duniani inatokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000. Data yake inagawa ardhi katika vipande vya mita 30 hivi, na data ya zamani zaidi iliyotolewa kwa umma, nje ya Marekani, ilikuwa ya vipande vya mita 90. Rada ile pia iligonga vilele vya miti, si ardhi peke yake, ndiyo maana ukingo wa msitu unaweza kutokea kama kilima kidogo. Kwenye daraja la bonde refu, programu inaona bonde badala ya daraja: inakuchorea mteremko wa kutisha na ukuta wa asilimia 25 mbele yake, ilhali barabara ni tambarare. Kwenye handaki ni kinyume, inakupandisha juu ya mlima ambao wewe utapita tumboni mwake. Kila nionapo mwiba wa namna hiyo kwenye mchoro, nafungua picha ya setilaiti kabla ya kumtisha mtu.

Kosa la hatari zaidi ni lile la upande wa pili. Ili mchoro usiwe na miiba, programu inaulainisha, na katika kulainisha inameza vilima vifupi vya kweli. Kilomita moja yenye mita 50 za kupanda inaandikwa asilimia 5, rangi ya manjano, hakuna anayeshtuka. Lakini ndani yake panaweza kuwa na mita 150 za asilimia 14 na zilizobaki zikawa za asilimia tatu na kitu. Hizo mita 150 ndizo zitakazoamua nani anasukuma baiskeli. Kwa tairi ya kawaida ya 700×32 (upana wa milimita 32), gia ya meno 34 mbele na 28 nyuma, ukipanda kwa kilomita 6 kwa saa miguu inazunguka mara 38 tu kwa dakika: hapo goti ndilo linalobeba mzigo. Mwenye 30 mbele na 36 nyuma, kwa mwendo uleule, anazungusha mara 56 na anaweza hata kuongea. Kwa hiyo kabla ya kukubali siku yoyote yenye vilima, waulize watu meno ya gia yao nyepesi kuliko zote. Wengi hawajui. Waambie wahesabu.

Aina ya uso wa barabara programu inaionyesha kwa rangi: lami, changarawe, udongo. Iangalie ile rangi ya kijivu inayosema “haijulikani”. Ina maana hakuna mchangiaji aliyejaza taarifa ya uso kwenye kipande hicho cha ramani, na programu inabahatisha. Kwangu, kijivu ni njia mbovu mpaka ithibitike vinginevyo. Navuta picha ya setilaiti karibu kabisa: mistari miwili ya magurudumu yenye nyasi katikati ni njia ya trekta, na kwa baiskeli yenye mzigo natarajia kilomita 10 hadi 12 kwa saa, siyo 20. Kama siku ina zaidi ya kilomita 15 za namna hiyo, tairi za milimita 28 zibaki nyumbani, ije 38 au 40. Na kama ni udongo wa mfinyanzi na mvua inatarajiwa, badilisha njia kabisa, maana tope linajaa kati ya tairi na uma unaoshika gurudumu hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na mtajikuta mmebeba baiskeli mabegani.

Kwenye kutoa faili ndiko wageni wanakoumia. Programu inakupa GPX, yaani faili ya njia ya kupakia kwenye kifaa cha kuongoza njia kilicho kwenye mpini, kwa namna mbili. Ya kwanza ni mkondo, yaani maelfu ya nukta zilizofuatana karibu karibu, na kifaa kinafuata mstari kama ulivyo. Ya pili ni njia ya vituo, nukta chache ambazo kila kifaa kinaziunganisha chenyewe kwa ramani yake. Mkigawana ya pili, watu wanane wenye vifaa vitatu tofauti mnaweza kupata njia tatu, na hamtajua mpaka mmepotezana. Toa mkondo. Faili moja kwa kila siku, si moja ya kilomita 300, kwa sababu vifaa vya zamani vina kikomo cha idadi ya nukta na vinakata mkia bila kukuambia. Njia inayokwenda na kurudi palepale, au inayojikata kama namba 8, ivunje faili mbili. La sivyo kwenye makutano kifaa kinaweza kushika mkono usio wake na kukutangazia kwamba umebakiza kilomita 9 kumbe ni 40.

Na kuna hili ambalo programu haikuonyi: ukirekebisha njia baada ya watu kuipakua, faili iliyo kwenye vifaa vyao inabaki ileile ya zamani. Kiungo kimesasishwa, mpini wa baiskeli haujasasishwa. Kwa hiyo majina ya faili zangu ni kama S3-toleo4, yaani siku ya tatu, toleo la nne, na jioni kabla ya kulala kila mtu anasoma kwa sauti jina lililo kwenye kifaa chake pamoja na jumla ya kilomita. Inachukua dakika mbili. Inachekesha pia, lakini ndiyo dakika mbili zenye faida kuliko zote za safari.

Malipo: ni yule anayechora njia tu anayehitaji toleo la kulipia. Wengine wanafungua kiungo, wanapakua, basi. Kinachostahili pesa yako ni ramani zinazofanya kazi bila mtandao, kwa sababu mabonde mazuri kwa macho mara nyingi ndiyo yasiyo na mtandao. Kwa sababu hiyohiyo, kile kipengele cha kuwaona wenzako moja kwa moja kwenye ramani nimekizima. Kinakula betri, na pale unapokihitaji kweli kinakuonyesha mahali mtu alipokuwa dakika 40 zilizopita.

Kuhusu betri, pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haikupi 10,000. Namba hiyo inapimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani. Ikipandishwa hadi volti 5 za waya, na kiasi kikipotea kama joto, unabaki na 6,000 hadi 6,500 hivi. Hiyo ni chaji moja na nusu kwa simu nyingi za sasa. Simu inayoongoza njia skrini ikiwaka mchana kutwa itaimaliza. Weka skrini izimike na iwake tu kona inapokaribia, na wawili wengine katika kikundi wawe na njia ileile, simu zao zikiwa zimezimwa begini.

Vitu viwili programu haina, na inabidi uvifanye nje yake. Cha kwanza ni jedwali la vipuri: kwa kila baiskeli andika ukubwa wa gurudumu, aina ya vali, idadi ya gia za nyuma na aina ya pedi za breki. Ukishaliona utajua mnahitaji tyubu za aina ngapi na viungo vya cheni vya gia ngapi, maana cha gia 11 hakifungi vizuri cheni ya 12. Kile kisikio cha chuma kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma hutofautiana karibu kila fremu, kwa hiyo kila mtu abebe cha kwake. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia ndicho kinachopinda, na hakuna wa kukuazima.

Cha pili ni utaratibu wa makutano. Anayefuata nyuma ya kiongozi anasimama kwenye kona na haondoki mpaka mfunga msafara apite. Mfunga msafara ni mtu mmoja siku nzima, ana pampu kubwa na dawa za jeraha, na hampiti mtu hata akiombwa. Kwa watu kumi, mwendo ni wa aliye nyuma, na programu haina mahali pa kumwandika.

Nitalipia tena mwaka ujao, kwa ajili ya kuchora na ramani za nje ya mtandao. Kando yake kila asubuhi natoa karatasi moja kwenye mfuko wa plastiki: kilomita za kila kona kubwa, vituo vya maji visivyozidi kilomita 30 kati ya kimoja na kingine, jina la malazi, na namba ya simu ya mfunga msafara. Inakaa mfuko wa nyuma wa jezi, upande wa kushoto, kila mtu nakala yake.